Shemhilu Aliyelipalilia Jabali

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa ya watu wenye mihogo mdomoni. Mezeni kwanza. Salehe, nawe meza, usijifanye kwamba huna kitu, shavu linakusaliti. Haya. Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, wakati mawe yalikuwa bado yanaitika yakipigiwa hodi, palikuwa na kijiji milimani. Jina lake lilikuwa Chini-ya-Paji, ila wenyewe walikuwa wavivu wa majina marefu, wakakiita Chini. Juu ya kijiji hicho lilisimama jabali kubwa, limenyooka kama ukuta. Liliwainamia watu kama bibi anayemwinamia mjukuu aliyeficha sukari, ndiyo maana wakaliita Paji.

Katika kijiji cha Chini aliishi mkulima aitwaye Shemhilu na mkewe Mwanahawa. Mtoto wao Hiza alikuwa ameshakua na kuhamia kwake, wakabaki wawili.

Sasa Shemhilu alikuwa na ugonjwa mmoja.

"Ugonjwa gani?"

Usafi. Watu hupalilia shamba mara mbili, yeye alipalilia mara nne. Mahindi yake yalisimama kwa mistari kama watoto wanaosubiri chanjo, tena kwa woga uleule. Chini ya mahindi hapakuwa na jani hata moja. Kuku wa jirani akifika mpakani mwa shamba hilo alisimama, akatazama, akarudi kwao, maana aliona haya kukanyaga.

Siku moja aling'oa hata mnavu uliojiotea kando ya jiko. Mwanahawa akatoka na chungu mkononi.

"Baba Hiza, umepalilia mboga yetu ya jioni."

"Ilikuwa imejiotea tu."

"Nami nilikuwa naipenda kwa sababu ilijiotea tu. Leo utakula ugali na usafi."

Akala ugali na chumvi. Hakulalamika. Shemhilu alimpenda sana mkewe, na mtu anayependa sana hula hata chumvi.

Mwanahawa naye alikuwa na ugonjwa, na wake haukuwa wa kuchekesha. Kila kipupwe kilipoingia, ukungu ulipoteremka na kukaa juu ya mapaa, kifua chake kilibana. Alikohoa asubuhi, alikohoa mchana, alikohoa mpaka akashika nguzo ya nyumba. Dawa yake ilikuwa moja, na ilimea mahali pamoja tu, kwenye nyufa za Paji. Ilikuwa mmea mdogo wenye majani ya mviringo, manene, yenye manyoya laini. Watu waliuita sikio-la-pimbi. Nani amewahi kumwona pimbi?

"Mimi. Yule mnene asiye na mkia."

Huyohuyo. Anakaa maweni siku nzima akiota jua, kama watu fulani ninaowajua siku ya kuchota maji. Sitawataja.

Basi miaka yote Mwanahawa alikuwa akipanda mwenyewe kuchuma dawa yake. Kipupwe kimoja miguu ikamgomea. Akamwita mumewe.

"Baba Hiza, mwaka huu utanipandia wewe. Ukifika piga hodi. Kisha chukua jani moja kwa kila mche, lile la chini, lililozeeka. Majani saba yananitosha. Mizizi usiiguse."

Shemhilu akapanda kwa njia ya nyuma mpaka kileleni, akafunga kamba kwenye mwamba, akateremka polepole usoni mwa jabali. Akapiga hodi. Jabali likaitika, "Karibu," kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa. Akatazama huku na huku, akahesabu. Miche tisa. Tisa tu, katika jabali zima.

Na kuizunguka ile miche tisa aliona nini? Vurugu. Sufu ya kijani imefunika mawe. Vijiti vikavu vimejazana nyufani. Mishubiri yenye miiba imekaa kwenye kila kidato cha jiwe kama wenye nyumba. Nyasi, vitunguu-mwitu, vijani vya kila aina, vingine havina hata jina. Mkulima yule alihisi mikono ikimwasha.

Lakini siku ile alichuma majani yake saba, akateremka. Mwanahawa akachemsha, akanywa, na kipupwe kilipokwisha alikuwa akitembea hadi kisimani na kurudi.

Shemhilu akakaa akafikiri. "Ikiwa miche tisa imeota ndani ya takataka, je, jabali likisafishwa? Itaota tisini. Mke wangu hatakohoa tena maishani." Mnaona? Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na nia nzuri na jembe. Hivyo viwili vikikutana, kaa mbali kidogo.

Vuli ilipoanza akachukua kijembe chake kifupi, akanoa, akapanda. Akafunga kamba, akateremka. Hodi hakupiga.

"Kwa nini?"

Mtu anayekwenda kufanya usafi hujiona mwenye nyumba, Chiku.

Akaanza na ile sufu ya kijani juu ya mawe. Jina lake ni Kuvumwani. Akaweka kijembe, akaanza kukwangua. Kuvumwani akasema kwa sauti ya mnyunyizo:

"Mkulima, ninakunywa ukungu asubuhi na kuutoa tone kwa tone hadi jioni. Jabali hili halina mtungi mwingine. Ukinikwangua, nani atawanywesha wenzangu?"

Shemhilu akasema, "Uchafu nao unasema siku hizi."

Akakwangua. Na alipokwangua aliimba:

*Palilia, palilia,*
*dawa ipate nafasi.*

Imbeni na nyie, msiniache peke yangu kama mlevi.

"*Palilia, palilia, dawa ipate nafasi.*"

Vizuri. Sasa, juu ya kidato kimoja cha jiwe alikuwa amekaa Pimbi, anaota jua, mikono juu ya tumbo. Alimtazama Shemhilu kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu:

"Palilia, Shemhilu. Utavuna nafasi."

Shemhilu akadhani amesifiwa. Akamshukuru.

Siku ya pili akarudi. Safari hii alikwenda kwa vile vijiti vikavu vya nyufani, vyeusi, vimejikunja, ukivigusa vinalia kama karatasi. Watu waliviita Mfu-hai, lakini Shemhilu alikuwa amesikia nusu ya kwanza tu. Akashika kimoja, akavuta. Mfu-hai akafungua jicho moja.

"Mkulima, niache. Sijafa, nimelala. Kukiwa na jua mimi hulala, na katika kulala kwangu nashikilia udongo wa ufa huu usianguke. Mvua ikinifikia nitaamka."

"Kwenye shamba langu hakuna anayelala mchana."

"Hili si shamba lako."

Na hilo lilikuwa jibu zuri sana, lakini lilitolewa na kijiti, na nani husikiliza kijiti? Akang'oa, akang'oa, akatupa chini, mpaka vikafanya lundo kule chini ya jabali. Akaimba. Aliimbaje?

"*Palilia, palilia, dawa ipate nafasi.*"

Na Pimbi akasema?

"*Palilia, Shemhilu. Utavuna nafasi.*"

Salehe, umeiweza sauti ya Pimbi kuliko inavyofaa.

Siku ya tatu alimwendea Mshubiri. Huyu hakuombaomba. Alikuwa mnene, mwenye miiba pembeni, amekaa pale tangu babu yake Shemhilu akinyonya.

"Ng'oa," akasema Mshubiri, "ila ujue jambo moja. Hicho kimche chako kiko upande gani wangu?"

Shemhilu akatazama. "Upande wa kivuli."

"Sijui kwa nini," akasema Mshubiri. "Labda kinapenda mazungumzo yangu."

Shemhilu akamng'oa. Alichomwa mikono miwili na goti moja, na mahali pengine ambapo sitapataja kwa kuwa wapo watu wanakula. Mshubiri alipong'oka, udongo wa kidato kizima ukamfuata, ukateremka jabalini kwa sauti ya mtu anayenyamazisha watoto: shhhhh. Shemhilu akaimba wimbo wake, na Pimbi akamjibu kwa maneno yaleyale, ila safari hii alisema bila kumtazama.

Kazi ikaisha. Paji likawa jeupe, tupu, linang'aa, na katikati yake miche tisa ya sikio-la-pimbi, kila mmoja peke yake, kama wageni waliowahi harusi. Watu wa Chini wakatoka kutazama. Kulikuwa na jirani mmoja, Mzigua, jina lake Mkomwa, na mnajua Mzigua na Msambaa kama Shemhilu ni watani, hawaogopani mdomo.

"Shemhilu," akasema Mkomwa, "nimelitazama Paji, nikajiuliza limefiwa na nani. Umelinyoa mpaka nyusi."

"Wivu tu, Mzigua. Ngoja mwakani."

"Nitangoja. Kwetu hunyoa watoto. Ninyi mnanyoa mawe."

Likaja jua la baada ya vuli. Lilipiga jiwe tupu tangu asubuhi, na jiwe likawaka kama kikaango. Ukungu ulikuja alfajiri, ukagusa jiwe, ukakosa wa kuupokea, ukaondoka. Sikio-la-pimbi wa kwanza akajikunja. Wa pili akajikunja. Kisha ikaja masika, mvua nzito, ikakuta udongo hauna mwenye kuushika, ikautelemsha wote. Tangu siku ya usafi ule Shemhilu hakupanda tena. Alikuwa akilitazama jabali kutoka uani, kwa mbali, na kwa mbali kila kitu kilikuwa safi.

Kipupwe kikaingia.

Mwanahawa akakohoa asubuhi. Akakohoa mchana. Siku ya tatu akashika nguzo ya nyumba. Safari hii hakuiachia mapema.

"Nenda, baba Hiza," akasema. "Majani saba. Ya chini."

"Mwaka huu nitakuletea kapu."

Akapanda na kapu. Akafunga kamba, akateremka. Alikwenda kwenye ufa wa mche wa kwanza, akakuta ufa. Akaenda kwa wa pili, akakuta ufa. Wa tatu, wa nne, wa tano. Alizunguka jabali lote mpaka wa tisa. Kapu lilikuwa jepesi kama lilivyotoka nyumbani.

Pimbi alikuwa mahali pake.

"Habari za mavuno?"

Shemhilu akamwonyesha kapu.

"Nafasi imekubali kweli mwaka huu," akasema Pimbi.

Shemhilu akaning'inia pale kwenye kamba yake, akaweka paji la uso wake juu ya Paji la jiwe. Pimbi, ambaye alikuwa na mengine matatu au manne ya kusema, akageuka akatazama upande wa bonde. Hata mtani ana adabu.

"Mke wangu anakohoa," akasema Shemhilu.

"Najua. Tunamsikia mpaka huku." Pimbi akashuka kutoka kidato chake. "Nifuate. Pale pembeni upo ufa mmoja ambao hukuuona ulipohesabu, wala hukuupalilia, si kwa wema wako. Kamba yako ilikuwa fupi. Leo itabidi uachie kamba."

Shemhilu akaachia kamba. Alitambaa kwa tumbo kwenye kidato chembamba kama ubavu wa mbuzi, mguu mmoja hewani, akafika kwenye ufa wenye giza. Mle ndani kulikuwa na kipande cha Kuvumwani, upana wa kiganja, bado kibichi. Juu yake palikuwa na sikio-la-pimbi mmoja, mdogo, mwenye majani matatu. Safari hii Shemhilu alipiga hodi. Aliipiga mara tatu.

"Karibu," akasema yule mmoja aliyebaki. "Nina majani matatu. Nikitoa mawili nitakufa, na nikifa hakuna mwingine. Nikitoa moja, huenda nikaishi. Chukua moja."

"Ninahitaji saba."

"Mimi nilihitaji jirani."

Shemhilu akachuma jani moja, la chini. Akalifunga kwenye kofia yake, akarudi kwa tumbo kama alivyokwenda.

"Akafika?"

Angeanguka ningekuwa nimenyamaza, Chiku. Akafika nyumbani, akamweleza mkewe yote, kuanzia Kuvumwani mpaka kapu. Hakujipunguzia hata neno. Mwanahawa akamsikiliza, akatazama lile jani moja kofiani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi chini.

"Umepalilia jiwe," akasema alipopata pumzi. "Mimi nilidhani mnavu ndiyo mwisho."

"Nitakuchemshia sasa hivi."

"Lete kisu kwanza."

Akalikata jani katikati. Nusu ya juu akaiweka kwenye chungu. Nusu ya chini, yenye kikonyo chake, akaishika mkononi.

"Niletee kifuu cha nazi. Weka ndani yake udongo kidogo wa nyuma ya mtungi, pale panapoota ukijani. Jani hili likikaa kwenye unyevu na kivuli huota."

"Kunywa lote," akasema Shemhilu.

"Nikinywa lote, mwakani utaniletea nini? Nafasi?"

"Mwakani." Shemhilu alilisema neno hilo kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Mama Hiza, nusu haikutoshi. Usiponywa lote, mimi mwakani nitakuwa na nani?"

Hapo Mwanahawa hakucheka. Akamtazama mumewe, mkulima yule mwenye makovu ya miiba mikononi.

"Baba Hiza, tumeoana miaka mingapi? Imepita na njaa, unaikumbuka. Ni lini ulinipikia mbegu?"

Shemhilu akaenda kuleta kifuu.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Mwanahawa alikunywa nusu ya jani, akapata nusu ya nafuu. Shemhilu aliwasha moto asubuhi, akamwegemeza, akampa uji, akachungulia kifuu. Jani limelala. Kesho yake moto, uji, kifuu. Jani limelala. Siku nyingine aliogopa kuchungulia kifuu, siku nyingine aliogopa zaidi kumchungulia mkewe.

"Akafa?"

Salehe, njoo ukae karibu yangu. Hakufa. Alikonda, akabaki macho na mzaha, lakini kipupwe kiliondoka yeye akabaki. Na wiki ileile, chini ya kikonyo, kwenye kifuu, likachomoza sikio dogo kuliko ukucha. Mwanahawa ndiye aliyeliona. Akamwita mumewe, akamwambia: "Njoo, kuna gugu."

Sasa Shemhilu akaanza kulipa alichokiharibu. Alikwenda kwanza kwenye lile lundo chini ya jabali kutafuta chochote kilichosalia. Akamkuta nani? Mfu-hai. Mvua ilikuwa imemnyeshea pale jalalani, naye alikuwa kijani kuanzia shina mpaka ncha.

"Nilikuambia nimelala," akasema Mfu-hai.

Mshubiri naye alikuwa pale, kichwa chini miguu juu, ameotesha mizizi kwenye takataka, amenenepa. "Huku mazungumzo ni haba," akasema. Shemhilu akambeba mgongoni mpaka juu. Mshubiri akamchoma njia nzima, na Shemhilu hakumtua.

Aliye mgumu kumrudisha alikuwa Kuvumwani. Shemhilu alipanga mawe yawe vizuizi, akabandika vipande vidogo vilivyotoka kwenye miamba ya mtoni, akapanda na maji kwenye kibuyu kila asubuhi ya jua. Mwaka wa kwanza, Kuvumwani alienea upana wa ukucha. Mwaka wa pili, upana wa kidole. Mkomwa alipita chini akapaza sauti, "Shemhilu, juzi uling'oa, leo unapanda. Kesho utalipaka mafuta?" Lakini alisema hivyo akiwa na kibuyu kingine cha maji begani, akakifunga kwenye kamba kipandishwe.

Yule wa kifuuni akapandwa kwenye kivuli cha Mshubiri. Akazaa. Wa ufani naye akaongeza jani, kisha jingine. Mwaka wa nne ikawa mitatu. Mwaka wa saba, miche saba. Tisini haikufika kamwe, na Shemhilu hakuitafuta tena.

"Na kikohozi je, kiliisha?"

Hapana, Chiku. Kilipungua. Majani saba yalipopatikana kilikuwa kidogo, lakini kuondoka hakikuondoka, kilikaa ndani ya nyumba kama shangazi aliyekuja kwa siku mbili. Shemhilu alipokuwa shambani, alikisikia kutoka nyumbani: *kho, kho*. Siku moja Mkomwa alimkuta amesimamisha jembe, anasikiliza.

"Hicho kikohozi hakikuchoshi?" akamuuliza.

"Hapana," akasema Shemhilu. "Nikikisikia najua yupo." Kisha akaendelea kulima.

Haya, nani ataniambia hadithi hii inafundisha nini? Salehe.

"Tusipalilie."

Nilijua utasema hivyo. Kesho asubuhi utapalilia mahindi, tena mistari miwili. Shamba ni la mkulima na hupaliliwa. Jabali lina wenyewe, na kila mmoja wao anamlea mwenzake hata kama hujui jina lake. Ukienda kuchukua, piga hodi, chukua la chini, acha mizizi. Anayetaka dawa peke yake, bila majirani zake, hubaki na ufa mtupu.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na ukingo wa jabali haukanyagwi mara mbili. Shukeni polepole.